Maneno ya Kidravidi ndani ya Kiprakriti: mnajuaje nani alikopa kwa nani?

msee_wa_ngara

Wasee habari zenu, niko na swali na naomba msinicheke. Mimi nafanya kazi kwa duka la viungo huku Ngara, mwenye duka ni mzee wa Kijaini, kila asubuhi kabla hatujafungua mlango anasimama kwa kona ananong'ona maneno yanaanza namo arihantanam, na miaka mitatu yote nimekuwa nikidhani ni Kigujarati. Juzi nikamuuliza maana yake akacheka, akaniambia hiyo hata kwake nyumbani hawaongei, ni Kiprakriti, lugha za watu wa kawaida kule India zamani wakati Kisanskriti kilikuwa cha makuhani na wasomi.

Sasa jioni kwa matatu ya Rongai, mnajua ile jam, nikaanza kusoma kwa simu. Nikakuta ati ndani ya hizo Prakriti kuna maneno yalikopwa kutoka Kidravidi, yaani ule ukoo wa Kitamil na Kitelugu na Kikannada na wenzao, ukoo tofauti kabisa, na kuna watu kazi yao ni kuunda upya hayo maneno yalivyokuwa kabla hata ya mtu kuyaandika, halafu wanaweka kinyota mbele ya neno. Hapo nikakwama hadi nikapita stage yangu.

Shida yangu ni hii. Kwetu Kikuyu soko ni thoko na saa ni thaa, na najua tulitoa kwa Kiswahili juu Kiswahili kiko hapa, naweza kukiuliza. Lakini chukulia Kiswahili kilikufa miaka elfu mbili iliyopita na hakuna mtu alirekodi, utajuaje kama thoko ni yetu ama tulikopa, ama wao ndio walikopa kwetu? Na hiyo kinyota si ni kubahatisha tu kwa lugha ya heshima?

chai_kavu

Buda unauza jibu kwa kilo na hujui 😂 Zanjabil. Iko kwa Kurani, sura ya 76 aya ya 17, wale wa peponi wananyweshwa kinywaji kimechanganywa na zanjabil, yaani tangawizi. Na zanjabil mwanzo wake ni Kitamil. Kwisha.

msee_wa_ngara

@chai_kavu kwisha aje sasa, umeniambia tu, hujanionyesha. Hata mimi naweza sema githeri ni Kichina.

mwalimu_mstaafu

Kijana wangu, swali lako ni zuri na wala hakuna wa kukucheka. Chai kavu amegusa penyewe ila ameruka vituo kadhaa, na utamu wote uko kwenye hivyo vituo.

Waarabu walipata zanjabil kupitia Uajemi, na Waajemi walilipata upande wa India kwa watu wa Kiprakriti. Kwenye Kipali, ndugu wa hizo Prakriti, lugha ambayo maandiko ya zamani ya Wabudha yamehifadhiwa ndani yake, tangawizi ni singivera. Neno hilo kwenye Kipali ni gogo, ukijaribu kulipasua halipasuki. Sasa vuka uende Kitamil. Inci ni tangawizi, ver ni mzizi. Limepasuka lenyewe kwenye kiungo kama muwa. Neno likiwa gogo kwa huyu na likawa na viungo kwa yule, mshuku mwenye gogo kwamba ndiye aliyekopa. Sisi wenyewe tuna neno kitabu. Kwa Mwarabu kitabu kina ukoo mzima wa kuandika, kuna kataba, kuna katib, kuna maktaba, sisi tukachukua vipande tayari, tukaona ki- pale mbele tukadhani ni ya kwetu, ndiyo tukasema vitabu. Wenye Kisanskriti nao walifanya ujanja uleule: singivera wakaligeuza shringavera, kwa sababu shringa kwao ni pembe, na ukiitazama tangawizi kweli ina mapembe. Mtu aliyefungwa ndani ya Kisanskriti peke yake angeapa kwamba neno ni mali yao tangu jadi.

Lakini hapo ndipo kuna kitu kinachonipendeza kuliko vyote. Kitamil kinasema inci, hakuna s mbele. Kipali kina s. Je, Wapali waliiokota wapi? Angalia namba sita. Kitamil wanasema aru. Wagondi, ambao ni Wadravidi wa katikati ya India, mbali na pwani ya Watamil, wanasema sarung. Na si neno hilo moja tu, yako mengine yanayofuata mtindo huo, kusini neno linaanza na irabu tupu na kwingineko linaanza na s au ch. Maana yake ni kwamba lugha za kusini zilikuwa na konsonanti hapo mwanzo zikaidondosha. Basi lugha mame, yaani ile iliyozizaa zote hizo, ilikuwa nayo, na ndiyo sababu wanaandika *cinki-ver, hiyo c isome kama ch. Mpali alikopa neno kabla konsonanti hiyo ya mbele haijadondoka, akaiweka. Mwenye mali akapoteza, aliyeazima akahifadhi! Ni kama picha ya harusi ya babu yako, kwenu iliungua, kumbe jirani alipewa nakala.

Ushahidi wa pili wa s hiyohiyo haukutoka jikoni, umetoka kwa wafalme. Mfalme Ashoka wa India katika karne ya 3 KK alichonga matangazo yake kwenye miamba kwa Kiprakriti, na katika moja anawataja majirani zake wa kusini: Choda, Pada, Satiyaputo, Ketalaputo. Hao wengine walijulikana, Wachola, Wapandya, wa Kerala. Satiyaputo akawa kitendawili. Wako waliohisi kwamba ni wale watawala ambao Kitamil kinawaita Atiyan, ile s tu imedondoka, lakini ilikuwa ni kuhisi. Mwaka 1981 likasomwa andiko la kale la Kitamil mahali panaitwa Jambai, Tamil Nadu, limeandikwa wazi Satiyaputo Atiyan Netuman Anci. Majina mawili ya mtu mmoja yamewekwa bega kwa bega, moja lina s na lingine halina. (Hiyo Anci ni jina la mtu, si tangawizi, msije mkanisumbua.)

Tangawizi yetu nisingeitia kwenye mlolongo huu. Zanjabil ingetupa kitu kama zanjabili, na t-ng-w-z haziingiliani na z-nj-b-l ila kwa kulazimisha. Neno la dukani kwako lililopita kweli kwenye Kiprakriti ni sukari: Kisanskriti sharkara, maana yake ya kwanza kokoto, Kipali sakkhara, kisha Uajemi shakar, Uarabuni sukkar, na huku sukari.

msee_wa_ngara

Mwalimu asante sana, hii ya Jambai imenitoa machozi na niko kazini. Kwa hivyo kinyota si kubahatisha, ni kama kusema "hapa tumehesabu, hatujaona kwa macho"?

mwalimu_mstaafu

Ndiyo hasa. Neno lenye nyota halijaandikwa popote, limehesabiwa kutoka kwa watoto wake. Wetu wa Kibantu wanafanya hivyohivyo na *-ntu. Na kwa kuwa umeuliza habari za nyota, Kitamil min ni samaki na pia ni nyota ya angani, na kuna kitenzi min cha kung'aa kumetameta. Kisanskriti kina mina kwa samaki, lakini samaki wao wa asili ni matsya, ambaye ana ndugu mpaka kwa Waajemi wa kale. Mina huyo hana ndugu upande huo. Sasa pima mwenyewe nani alikopa.

binti_mvita

Assalam aleikum nyote. Mimi ni wa Mombasa lakini niko South C sasa mwaka wa saba, na nimeona mmekaa kwenye tangawizi na samaki tu, mmesahau wakwe.

Kuna diwani ya mashairi mafupi ya mapenzi, mia saba hivi, kwa Kiprakriti cha Maharashtri, inanasibishwa na mfalme Hala wa wale Wasatavahana wa nyanda za Deccan, yaani pale hasa Kiprakriti na lugha za Kidravidi zilipokuwa zinalala ua moja. Hao Wasatavahana walikuwa na sarafu za fedha upande mmoja Kiprakriti upande wa pili lugha ya kusini, kama noti zetu hapa zina Kiswahili na Kiingereza. Basi kuna ubeti mmoja maarufu sana, mke wa nyumba anamwambia msafiri aliyeomba malazi, kwa maneno yangu ni hivi: hapa analala atta, hapa nalala mimi, pale watumwa wote, tazama vizuri wewe mgeni usiyeona usiku, usije ukajikwaa ukaangukia kitandani kwangu. Hahaha. Maonyo hayo. Mwenye masikio amesikia na ramani ya nyumba ameshapewa.

Sasa huyo atta hapo ni mama mkwe. Nenda kwenye Kidravidi utamkuta atta au attai, na kule maana yake ni mbili, shangazi NA mama mkwe. Mtu mmoja! Kwa nini? Kwa sababu desturi yao ni kijana kuoa mtoto wa shangazi au mtoto wa mjomba, kwa hiyo dada ya baba ndiye anayetazamiwa kuwa mama mkwe tangu mtoto hajazaliwa. Sisi pwani hili hatulishangai, binamu kuoana ni jambo la kawaida, nina ndugu yangu mama mkwe wake ni shangazi yake na bado hajui amwogope kwa lipi. Ila tofauti ipo, sisi hata mtoto wa baba mdogo anaolewa, kwa Wadravidi huyo ni ndugu yako kabisa, hagusiki.

Hemachandra, msomi wa zamani, alipokusanya msamiati wa Kiprakriti akaandika atta na maana zake, mama, shangazi, mama mkwe, zote kwenye mstari mmoja. Kisanskriti kina neno lake la mama mkwe na lake la shangazi, mbali mbali, wala hayakutani. Kwa hiyo mimi naona hapa hakikukopwa sauti tu, kimekuja na ndoa yake ndani.

kifungu_cha_sauti

Dada binti mvita nimependa ubeti lakini atta ni ushahidi wa kuponza, naomba niwe mbishi kidogo. Maneno ya akka, atta, amma, tata, baba, mama ni maneno ya kinywa cha mtoto, yanazuka popote kuna mtoto na titi. Wagothi wa Ulaya walimwita baba atta, hata Baba Yetu wao inaanza Atta unsar, Waturuki wana ata. Hapa hapa Kenya Mkikuyu akisema tata anamaanisha shangazi ama mama mdogo, ukienda Kongo tata ni baba. Kuna mtu atasema Wakikuyu walikopa Kongo? Kwa hivyo akka ya "dada" kwa Kiprakriti ambayo watu wanapenda kuleta, mimi naiweka pembeni. Atta nitakubali, lakini nitakubali kwa sababu ya hiyo shangazi-mkwe uliyosema, si kwa sababu ya sauti, sauti peke yake haitoshi hata kidogo.

Na kitu kingine watu wanasahau ni kwamba si mchezo wa timu mbili. Kisanskriti ama Kiprakriti kikiwa na neno halina ndugu Ulaya wala Uajemi watu wanakimbia kusema Kidravidi. Kuna Wamunda pia, ukoo wa tatu, na kuna uwezekano wa lugha zilizokufa bila kuacha hata jina. Jembe la kukokotwa ndiyo mfano wangu wa kila siku: Kisanskriti langala, Kitamil nancil, Kimunda nahel. Yanafanana ya kutosha kukutia wazimu na hayalingani ya kutosha kuunda upya, l hapa n kule, na hakuna kati yao anayeweza kulipasua. Hapo labda wote walikopa kwa mtu wa nne. Mwanaisimu Kuiper mwaka 1991 alitoa orodha ya maneno 383 kwenye Rigveda, zile nyimbo takatifu za kale za Kisanskriti, ambayo aliona si ya asili ya Kiarya, yaani ukoo wa Kisanskriti na Kiprakriti, na hakusema yote ni Kidravidi, wengi wanaomnukuu wanaruka hapo.

Hata tangawizi ya mwalimu, ver ni mzizi na ni Kidravidi hakuna ubishi, lakini inci yenyewe kuna wanaoisogeza mashariki zaidi, kwa sababu mmea wenyewe ulitoka huko.

chai_kavu

Sasa mmeanza kupigania jembe na hakuna mtu ana shamba.

mwalimu_mstaafu

@kifungu_cha_sauti nakubaliana nawe kwa akka, na langala nimeshakata tamaa nayo zamani. Lakini usimwache kijana akidhani kila kitu ni ukungu. Kuna kamusi ya Burrow na Emeneau, ilitoka 1961 na toleo la pili 1984, ina zaidi ya vifungu 5,500 vya maneno ya Kidravidi yaliyopangwa kiukoo, na mwisho wa kifungu mara nyingi wanataja lilipoangukia upande wa Kiarya. Ukikuta neno lina ndugu Kitamil, Kitelugu, Kigondi, kisha likaonekana peke yake kwenye Kiprakriti bila jamaa, hapo mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako wewe unayebisha. Tuppa kwa mfano. Kikannada tuppa ni samli, Kiprakriti tuppa ni samli, na Kimarathi cha leo, ambacho ni mjukuu wa Maharashtri, ni tup. Tumbo ni potta kwa Kitelugu, potta kwa Kiprakriti, pot kwa Kimarathi. Hayo si ya kinywa cha mtoto, ingawa samli na tumbo vinampendeza mtoto.

Huyo Hemachandra aliyetajwa na binti mvita anastahili neno zaidi, na kijana mwambie mzee wako atafurahi, maana alikuwa mtawa wa Kijaini kutoka Gujarat, karne ya 12. Wasarufi wa India waliyagawa maneno ya Kiprakriti mafungu matatu: yaliyo sawasawa na Kisanskriti, yaliyotoka Kisanskriti yakabadilika, na desi, yaani ya nchi, ya wenyeji, ambayo kwa kanuni zao huwezi kuyafikisha Kisanskriti. Hemachandra akakusanya desi karibu 4,000 kwenye kitabu kimoja. Hakusema ni ya Kidravidi, hakuwa na dhana hiyo. Alisema tu hayatoki Kisanskriti. Na baadhi alikosea, wa baadaye wamegundua yanatoka, yalikuwa yamechakaa tu hata mama yao asingeyatambua. Lakini mle ndani kuna ura, kijiji, na Kitamil ur ni kijiji hadi kesho. Kuna pulli, chui milia, na Kitamil na Kitelugu ni puli.

Na hapa pulli anatufundisha jambo jingine, tarehe. Kikannada chui milia ni huli, na maziwa ambayo Kitamil ni pal wao ni halu. P zao za mwanzo ziligeuka h, kuanzia mnamo karne ya 10. Kwa hiyo pulli wa Hemachandra mwenye p ama alitoka kwa Wakannada kabla hawajabadilika, ama alitoka kwa Watelugu ambao hawakubadilika kabisa. Hakuweza kutoka kwa Mkannada anayesema huli. Hii ni kama wewe ukikuta lugha fulani inasema thoko, utajua walipitia kwenu Wakikuyu, hawakwenda sokoni moja kwa moja, kwa sababu ile th ni alama ya mlango wenu.

kifungu_cha_sauti

Hiyo ya p na h nimeinua mikono. Ila mwalimu kumbuka Hemachandra alinakili pia kutoka kwa waliomtangulia, kwa hivyo tarehe ya kitabu si tarehe ya neno.

mwalimu_mstaafu

Naam. Ndiyo maana nikasema "kabla", sikusema mwaka.

binti_mvita

Na mimi bado nashikilia wakwe zangu. Kifungu umesema mwenyewe maana ndiyo iliyokushinda, basi usiniandikie "ushahidi wa kuponza" tena 😄

kifungu_cha_sauti

Haya dada, yaishe. Wa kuponza nusu.

msee_wa_ngara

Narudi na ripoti. Leo asubuhi baada ya namo arihantanam nikamuuliza mzee, nikamwambia mzee, dada ya baba yako mnamwita nani? Akasema foi. Na mama ya mke wako? Sasu. Nikauliza atta je, akanitazama kama nimeomba mkopo, akasema hiyo kwao ni unga. Nikamuuliza kama kwao mtu anaweza kuoa mtoto wa foi, akashtuka hadi akaweka miwani chini, akasema hao ni dada zako, wewe unasoma nini kwa simu?

Lakini nilipomtajia Hemachandra akanyamaza, halafu akaenda nyuma kwa ofisi, akarudi na chai ya watu wawili, na hiyo haijawahi kutokea tangu niajiriwe. Akaniambia mwenzake wa duka la vitambaa mke wake ni wa Maharashtra, kesho atampigia amuulize samli wanaiitaje.

msee_wa_ngara

Ni tup.